Mbinu mseto: takwimu na mahojiano yakutane wapi?

Tasnifu na ripoti nyingi za sayansi ya jamii siku hizi hutangaza katika sura ya tatu kwamba zimetumia mbinu mseto, yaani takwimu za dodoso na mahojiano ya kina kwa pamoja. Ukifika sura ya nne unakuta majedwali ya asilimia. Sura ya tano ina nukuu za waliohojiwa, zimepangwa kwa mada. Sura hizo mbili hazisemezani hata mara moja. Majedwali yangebaki vilevile hata kama hakuna mtu aliyehojiwa, na nukuu zingebaki vilevile hata kama dodoso lisingepita kijijini. Hizo ni tafiti mbili zilizofungwa kwa jalada moja.

Kipimo ninachokiamini ni hiki: ondoa mahojiano yote, kisha usome hitimisho. Yarudishe, uondoe takwimu, usome tena. Kama hitimisho halikutikisika, sehemu uliyoiondoa haikufanya kazi yoyote, na kuna mama aliyeacha shamba lake saa nzima kukueleza mambo mazito ya maisha yake bila maelezo yake kubadilisha chochote. Jambo hilo si dogo.

Nitatumia mfano mmoja unaofahamika. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi Tanzania wa 2015-16 ulionyesha kuwa asilimia 63 ya watoto walizaliwa katika vituo vya kutolea huduma za afya. Ule wa 2022 ulionyesha asilimia 81. Ni hatua kubwa. Lakini takwimu hizo hazisemi kwa nini karibu mtoto mmoja kati ya watano bado anazaliwa nyumbani au njiani, wala hazisemi kama wanaobaki nyumbani leo wanabaki kwa sababu zilezile za zamani. Tuseme basi mtu anataka kulichunguza jambo hili katika wilaya moja ya vijijini. Afanyeje?

Kwanza aandike maswali matatu ya utafiti. Watu wengi huandika mawili. La kwanza ni la takwimu: ni mambo gani yanahusiana na kujifungulia nyumbani, na kwa kiasi gani? La pili ni la maelezo: wanawake waliojifungua wanauelezaje uamuzi huo, na nani aliuamua? La tatu ndilo linalosahaulika: maelezo ya wanawake yanafafanua, yanaongeza au yanapinga nini katika mahusiano yaliyoonekana kwenye takwimu? Swali la tatu lisipoandikwa tangu mwanzo, hakuna atakayetenga muda wala fedha za kulijibu, na siku ya kuandika ripoti litageuka aya moja ya kubahatisha.

Pili, aamue mpangilio. Dodoso likitangulia na mahojiano yakafuata kueleza matokeo yake, hapo kuna faida kubwa kwa mtafiti mchanga: hatua moja inaielekeza nyingine. Mazungumzo yakitangulia na dodoso likajengwa juu yake, inafaa pale ambapo jambo lenyewe halijapimwa vizuri bado. Kuendesha vyote viwili kwa wakati mmoja kunaokoa muda, lakini kunahitaji timu mbili zilizokomaa na kiongozi anayezielewa zote. Mwanafunzi wa uzamili anayefanya kazi peke yake nisingemshauri.

Katika mfano wetu dodoso linatangulia. Hesabu ya sampuli inaanza na ile fomula ya kawaida: ukitaka kukadiria uwiano kwa kosa la asilimia 5 na kiwango cha kuaminika cha asilimia 95, unahitaji watu 385. Wengi huishia hapo, na ni kosa, kwa sababu namba hiyo inadhani kila mtu amechaguliwa peke yake kutoka wilaya nzima. Kazini unachagua vitongoji kwanza, kisha wanawake ndani ya kila kitongoji, na watu wa kitongoji kimoja hufanana: zahanati yao ni moja, barabara yao ni moja. Ukihoji wanawake 20 kwa kila kitongoji, na kufanana kwao kukiwa 0.05 (kwa kipimo ambacho 0 ni kutofanana na 1 ni kufanana kabisa), sampuli inatakiwa iongezwe mara 1.95, yaani 1 + (20 − 1) × 0.05. Tuseme mara mbili: 770. Ukihoji 40 kwa kila kitongoji ili kuokoa mafuta ya gari, unatakiwa uiongeze mara 2.95. Kisha weka asilimia 10 ya watakaokosekana au kukataa: 770 kugawanya kwa 0.9 ni 856. Kwa vitongoji 43 vyenye wanawake 20 kila kimoja unapata 860, na hapo umetosheka. Kabla ya kuchagua, pita na mwenyekiti wa kitongoji kuorodhesha kaya zote zenye mwanamke aliyejifungua katika miezi 24 iliyopita. Ukiwategemea wale wanaotajwa na mhudumu wa afya peke yao, utawapata waliozoea kwenda kliniki, na unaowatafuta hasa watakuponyoka.

Sasa kiungo chenyewe. Kila mwanamke apewe namba ya utambulisho kwenye kishikwambi, na mwisho wa dodoso aulizwe waziwazi: je, unaridhia turudi kuzungumza nawe kwa kirefu baadaye? Swali hili moja ndilo linalowezesha hatua ya pili. Lisipokuwepo kwenye fomu ya ridhaa, kamati ya maadili haitakuruhusu kutumia majibu yake kumrudia, na utalazimika kuhoji watu wengine kabisa ambao huwezi kuyaunganisha maelezo yao na dodoso lolote. Majina na namba za simu yakae kwenye faili tofauti lenye nywila, lililounganishwa na data kwa namba ya utambulisho tu. KoboToolbox na ODK, programu za kukusanya data kwa simu au kishikwambi, zote zinaweza kufanya hivyo bila gharama kubwa. Namba za simu vijijini hubadilika, kwa hiyo chukua na ya jirani au ndugu, kwa ridhaa. Ukikaa zaidi ya miezi miwili au mitatu kabla ya kurudi, jiandae kukuta wengine wamehama kufuata msimu wa kilimo au wamekwenda kwa wazazi wao.

Namna ya kuchagua wa kuwahoji ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayofanywa kwa uzembe kuliko zote. Kawaida mtafiti huandika kwamba amechagua “sampuli lengwa ya wanawake 20”, basi. Takwimu ziko mkononi mwake na hajazitumia! Fanya hivi: endesha regresheni ya logistiki, yaani modeli inayokadiria uwezekano wa jibu la ndiyo au hapana kutokana na vigezo kadhaa, matokeo yakiwa alijifungulia kituoni au la, na vigezo vikiwa umbali, elimu, idadi ya watoto, uwezo wa kaya, mahudhurio ya kliniki na mengineyo. Kati ya wanawake 770, kama asilimia 19 walijifungulia nje ya kituo, hao ni kama 146. Ukifuata kanuni ya matukio 10 (hapa, wanawake 10 waliojifungulia nje ya kituo) kwa kila kigezo, usizidishe vigezo 14. Kisha mwambie kompyuta ikukadirie, kwa kila mwanamke, uwezekano wa kujifungulia kituoni. Sasa panga watu katika makundi. Wapo ambao mambo yao yalikwenda kama modeli ilivyotabiri. Wapo waliotabiriwa kituoni, wanakaa kilomita 2 kutoka zahanati na wamesoma sekondari, lakini walijifungulia nyumbani. Na wapo waliotabiriwa nyumbani, kilomita 15 porini, mtoto wa sita, lakini walifika hospitali. Ukiwa na nafasi ya mahojiano 24, mimi ningechukua 6 wa kawaida na 9 kutoka kila kundi la hao walioishangaza modeli. Wa kawaida wanathibitisha utaratibu unaoudhania; hao wengine wanakuonyesha kile ambacho dodoso halikuuliza.

Tahadhari moja: mtu aliyeishangaza modeli anaweza kuwa kosa la data tu. Kabla ya kumfuata, kagua dodoso lake lote. Umri umeingizwa sawasawa? Umbali umepimwa kwa mstari ulionyooka huku katikati kuna mto usiovukika masika? Na kuna kosa moja la mpangilio linalojirudia sana kwetu: mimba ya kwanza, wanawake wengi huenda kujifungulia kwa mama zao. Umbali uliopimwa kutoka nyumba ya mume hauhusiani kabisa na safari aliyoifanya. Hilo huligundui kwenye jedwali. Unaligundua pale mwanamke anaposema, “nilikuwa kwa mama wakati huo.” Ukilisikia, rudi kwenye data, tenga waliojifungua mimba ya kwanza, endesha regresheni upya uone kama uzito wa umbali unabadilika. Katika utafiti unaofuata, dodoso liulize alikuwa anaishi wapi mwezi wa mwisho wa ujauzito. Hapo ndipo mbinu mbili zimefanya kazi moja.

Mwongozo wa mahojiano nao utoke kwenye matokeo. Usianze na “kwa nini hukwenda kituoni?”, swali linalomweka mtu kizimbani. Anza na “Mama, hebu nisimulie siku uchungu ulipoanza, mpaka mtoto alipozaliwa.” Mwache aongee. Kisha chimba yale ambayo modeli imeyaonyesha: kama mahudhurio manne ya kliniki hayakuhusiana na mahali pa kujifungulia, muulize aliambiwa nini kliniki kuhusu kujifungua na aliandaa nini. Huduma kwa mjamzito ni bure kisera katika vituo vya serikali, lakini usafiri, vifaa vya kujifungulia na chakula cha anayemsindikiza vinagharimu, kwa hiyo uliza kila kimoja kwa jina lake na bei yake. Angalia pia nani amekaa karibu. Mama mkwe akiwa barazani, hadithi ya nani aliamua itakuwa tofauti. Mdadisi kijana asalimie wakubwa, aeleze kazi yake, kisha aombe kwa heshima mahali pa faragha. Na yule aliyejaza dodoso la mwanamke huyo asiwe ndiye anayemhoji tena, maana mama ataona aibu kubadilisha alichokwisha kusema.

Mpangilio wa kinyume, mazungumzo kwanza, nitaugusa kwa ufupi. Unafaa unapotaka kupima kitu kama hofu ya kudharauliwa na wahudumu. Mahojiano 10 hadi 15 na vikundi vya majadiliano 3 au 4 vitakupa kauli ambazo wanawake wenyewe wanazitumia, nazo ndizo ziwe sentensi za dodoso. Andika sentensi mara mbili ya unazozihitaji, kwa sababu nusu zitaanguka. Zijaribu kwa watu 8 hadi 10, ukimwomba kila mmoja akueleze kwa maneno yake ameelewa nini. Neno “kituo cha afya” ni mtego unaojulikana: katika mfumo wetu ni ngazi iliyo juu ya zahanati, hivyo aliyejifungulia zahanati anaweza kujibu hapana kwa uaminifu kabisa. Taja zahanati, kituo cha afya na hospitali, kila kimoja peke yake, na uweke pia “njiani”. Kisha majaribio ya awali kwa watu 30 hadi 50 nje ya maeneo ya utafiti. Na watu waliokusaidia kuunda kipimo wasiwe wale wale unaokithibitishia.

Turudi kwenye uchambuzi. Muda wa unukuzi, yaani kuandika neno kwa neno yaliyorekodiwa, watu huukadiria kuwa mdogo kuliko wa kazi nyingine yoyote. Saa 1 ya sauti huchukua saa 4 hadi 6 kunukuu. Mahojiano 24 ya dakika 45 ni saa 18 za sauti, yaani saa 72 hadi 108 za kazi, siku 9 hadi 14 kwa mtu mmoja mwenye mazoea. Kama mazungumzo ni ya Kisukuma au Kimaasai na yanatafsiriwa, zidisha. Watu wawili wasimbe (wabandike lebo fupi za mada kwenye maneno ya wahojiwa) nakala 3 au 4 zilezile kila mmoja peke yake, walinganishe, wabishane, ndipo daftari la misimbo likamilike. NVivo, MAXQDA au Dedoose, programu za kuchambua mahojiano, zitakuruhusu kuingiza sifa za dodoso kwa kila mhojiwa kwa ile namba ya utambulisho, ili uweze kuuliza: waliokaa karibu na zahanati lakini wakajifungulia nyumbani, wanasema nini kuhusu usiku? Programu yenyewe haitakuunganishia mawazo. Hata Excel inatosha kwa mahojiano 24.

Kazi ya kuunganisha hufanyika kwenye jedwali la pamoja. Safu ya kwanza ina matokeo ya takwimu, ya pili ina walichosema watu, ya tatu ina kile tunachokijua sasa ambacho hatukukijua kwa safu moja peke yake. Safu ya tatu ndiyo ngumu. Mstari mmoja unaweza kuwa hivi: takwimu zinaonyesha kuwa wanawake wenye watoto wengi wana uwezekano mdogo wa kwenda kituoni, wanawake hao wanasema uchungu wao huja kwa kasi na hakuna wa kumwachia watoto usiku, kwa pamoja tunaona kwamba “uzoefu” au “kutojali”, tafsiri inayopendwa na ripoti nyingi, haitoshi, na kwamba suala la malezi ya watoto waliobaki nyumbani lazima liingie kwenye mpango wa nyumba za kusubiria kujifungua. Kama safu ya tatu imeandikwa “matokeo yanaendana” kutoka juu hadi chini, jedwali hilo bado halijafanyiwa kazi.

Kuna jambo linalonikera kila ninapolikuta: “asilimia 60 ya waliohojiwa walisema…”, na waliohojiwa ni 15. Hao 15 walichaguliwa makusudi kwa kuwa tofauti, kwa hiyo asilimia yao haiwakilishi wilaya. Vilevile, mtu asipotaja jambo katika mazungumzo huru haina maana kwamba halipo. Ukigeuza misimbo kuwa 0 na 1, hiyo 0 isomeke “hakutaja”, kamwe isisomeke “hapana”. Andika “wengi wao” au “watatu kati ya wanawake tisa wa kundi hili”, na uishie hapo.

Kisha kuna siku ambayo pande mbili zinapingana, na hapo ndipo watafiti wengi hushikwa na hofu na kuficha upande mmoja. Tuseme dodoso linaonyesha wanawake karibu wote “wameridhika” au “wameridhika sana” na huduma ya kujifungua, huku mahojiano yamejaa habari za kukemewa na kuachwa peke yao chumbani. Usiamue haraka kwamba mahojiano ni ya wachache wenye kinyongo, wala kwamba dodoso ni la uongo. Kagua kwa mpangilio. Je, pande zote mbili zinazungumzia watu walewale? Mahojiano yalichagua waliobaki nyumbani kwa wingi, kwa hiyo linganisha waliojifungulia kituoni tu. Je, ni kipindi kilekile? Swali la dodoso lilimhusu mtoto wa mwisho, huenda simulizi ni ya mtoto wa kabla yake. Liliulizwa wapi? Mama akiulizwa kwenye benchi la zahanati, muuguzi akipita, atajibu kwa adabu. Kisha, kati ya wanawake 24 wenye data za pande zote, chukua waliojifungulia kituoni, weka jibu la dodoso la kila mmoja pembeni ya simulizi yake. Mara nyingi utakuta kwamba anayesema ameridhika anamaanisha mtoto amezaliwa hai na yeye amepona. Kukemewa anakuhesabu kitu kingine. Basi umegundua kwamba dodoso lilipima shukrani kwa matokeo, na ubora wa huduma haujapimwa. Huo ni ugunduzi unaostahili sura nzima. Ukibaki bila maelezo baada ya ukaguzi wote, andika kwamba pande mbili zinapingana na ueleze ulichokagua.

Kazi ya namna hii ina mizizi ya zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel walichunguza Marienthal, kijiji cha Austria chenye familia 478 ambacho kiwanda chake cha nguo kilifungwa. Walihesabu vitabu vilivyoazimwa maktaba, walikusanya shajara za muda, waliandika historia za maisha, na hata walipima mwendo wa watu barabarani kwa saa. Watu walikuwa na muda mwingi kuliko zamani lakini walisoma vitabu vichache zaidi, na wanaume walitembea taratibu na kusimamasimama kuliko wanawake ambao bado walikuwa na nyumba za kutunza. Namba hizo zisingeeleweka bila simulizi, na simulizi zisingeaminika bila namba. Pia kila mtafiti alitakiwa afanye jambo lenye faida kwa wanakijiji, kwa mfano ugawaji wa nguo, badala ya kukaa tu akitazama. Ningependa sharti hilo lirudi.

Mwisho, vibali. Omba kibali kimoja kinachofunika hatua zote mbili. Kwa utafiti wa afya Tanzania bara ni NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) kwa maadili, na COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) kwa kibali cha utafiti. Kenya ni NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, pamoja na kamati ya maadili iliyoidhinishwa. Ambatisha rasimu ya mwongozo wa mahojiano na uandike wazi kwamba utarekebishwa baada ya matokeo ya dodoso, na kwamba marekebisho yatawasilishwa. Usipofanya hivyo, utasubiri kibali cha pili kwa muda usioujua, huku wanawake wako wakihama na simu zao zikizimika. Kwenye ratiba, acha wiki 6 kamili kati ya dodoso la mwisho na mahojiano ya kwanza: 2 za kusafisha data, 2 za uchambuzi, 1 ya kuchagua wahojiwa, 1 ya kuandika upya na kujaribu mwongozo. Mfadhili akisema ni nyingi, punguza vitongoji kabla ya kugusa wiki hizo.